Mulozi wa Chai ya Maziwa

Kama ungemwona Mukamazimpaka jukwaani Jumamosi ile, amejifunga kitenge cheusi na macho amewakazia watu wa mstari wa mbele, hata wewe ungesogeza kiti chako nyuma. Alikuwa akiigiza mjane aliyefungua duka, duka likachangamka, majirani wakaanza kunong'ona: mwanamke peke yake haendelei hivi, huyu ni mulozi tu, mchawi wa kuwatilia wenzake vitu ndani ya kikombe. Mjane akajitetea kwamba alifanya kazi, ni hiyo tu; aliigiza mpaka watoto wakalia. Belise, msichana aliyeutunga mchezo huo na kuliongoza kundi lao la akina mama, alimkumbatia asitake kumwachia.

Tatizo ni kwamba Jumatatu Mukamazimpaka si msanii. Ni Mama Igihozo, mjane wa kweli, mwenye kantini ya chai karibu na stendi ya pikipiki hapa Gisenyi. Amezaliwa Kongo, ndiyo maana Kiswahili chake kina mwendo wa huko, na chai yake ya maziwa yenye tangawizi ndiyo iliyomsomesha binti yake mpaka akamaliza.

Sasa, kwetu huku mtu akikukaribisha kinywaji nyumbani kwake, anaonja yeye kwanza mbele ya macho yako, ndipo anakupa. Ni heshima, na ushahidi kwamba hakina sumu. Kantini hakuna anayedai mambo hayo: unalipa, unakunywa, unaenda zako. Lakini Jumatatu ile Muhamadi, dereva wa pikipiki na mteja wa kila siku, alikitazama kikombe chake, akamtazama mama, akamwomba aonje kwanza. Ni utani tu wa mchezo wa Jumamosi, alisema. Wenzake wakacheka, kisha nao wakasukuma vikombe vyao mbele wakingoja kuonjewa.

Akaonja. Jamani, wiki nzima huyu mama alionja chai za watu! Tumbo likajaa maji, kila mara mbio msalani, na akiwa huko maandazi yanaungua. Mwanzoni alicheka nao, akiwaambia yeye ni mtu wa kazi tu. Alipoona wengine wanampita kabisa na kwenda kunywa kwa jirani, chai yenyewe ya uvuguvugu isiyo na mbele wala nyuma, kicheko kikamwisha. Kantini ndiyo maisha yake. Na jukwaa je? Maisha yake yote amekuwa mtu wa kuitikia ndiyo. Pale juu ndipo alipojua kwamba akisema, watu wananyamaza. Alipenda kile kitu, alikipenda sana. Sasa anasukumwa achague kimoja, na hakuna aliyekuwa na uso wa kumwambia hivyo waziwazi. Iliniudhi, nakuambia.

Belise alikuja na huruma zake, akasema nafasi ile angeweza kumpa mwingine kabla hawajaenda kuonyesha mchezo huko Rubona. Nadra, fundi cherehani wa mlango wa pili, akamuunga mkono: watu wa mji huu wakishika neno hawaliachii, bora mama apumzike. Mama Igihozo aliwasikiliza mpaka mwisho huku akikausha vikombe.

"Mi siachi kitu," akasema. "Belise, kesho asubuhi leta mchezo hapa. Na mulozi usitafute, nimeshamupata."

Asubuhi kantini ikafurika, maana mchezo wa bure hauhitaji tangazo. Mama Igihozo akamwinua Muhamadi kwenye benchi, akamfunga kitenge cheusi kiunoni. Belise akaeleza: Muhamadi ndiye mjane, wateja ndio majirani, na mjane ana kazi moja tu, kuwahakikishia majirani kwamba yeye si mulozi. Muhamadi ni mtu wa maneno mengi. Alikubali kwa madaha, akazunguka mara moja akionyesha kitenge.

Wee, waache watu wa stendi wapewe ruhusa ya kushtaki! Alipoonja chai, wakasema amekunywa dawa ya kujikinga kabla ya kutoka nyumbani. Alipokataa kuonja, si mmeona wenyewe? Akaapa, wakasema walozi ndio waapaji wakubwa. Akacheka, kumbe anawacheka aliowaua. Akanyamaza, basi amekiri. Jasho likaanza kumtoka, kitenge kikalegea, na utani wote ukamwishia mdomoni.

"Bon, tuambie," dereva mwenzake akamwuliza, "pikipiki yako iko mupya, yetu za kukodi. Uliipata namna gani?"

Muhamadi akapiga meza, na hapo hakuwa akiigiza tena.

"Nilifanya kazi! Naamuka mbele ya jua, nalala nimechoka. Nilifanya kazi, ni hiyo tu."

 Jirani mmoja wa mchezo akatikisa kichwa kukubali, mwingine naye: hapo ni kweli, Muhamadi ni mtu wa kazi, tusimwonee. Mashtaka yakaisha hivyo, kirahisi. Mama Igihozo, aliyekuwa amesimama kando ya sufuria muda wote, akasogea mpaka mbele yake.

"Hiyo jibu ni yangu," akasema taratibu. "Nilisema pale Jumamosi, maneno ni hayo hayo. Hata hapa, wiki yote, ni hayo hayo. Juu ya nini we wanakuamini, mi hapana?"

 Wanaume wakachungulia ndani ya vikombe kana kwamba jibu limezama humo. Nadra ndiye aliyeanza kucheka, kisha Belise, kisha kila mwanamke aliyekuwa mlangoni, kicheko cha watu waliolijua jambo hili siku nyingi.

Muhamadi alikaa chini, kitenge kikiwa bado kiunoni. Akaomba chai. Mama Igihozo akammiminia na, kwa mazoea ya wiki nzima, akakiinua kikombe kukipeleka mdomoni.

"Acha, mama," Muhamadi akasema, akikipokea kwa mikono miwili. "Hiyo ni chai yangu."