Mwanika dagaa wa Kibirizi na pini zinazohesabiwa mara mbili

Saa nne asubuhi, jua la Kibirizi, Kigoma, limeshakuwa kali na dagaa wa Melania Bonifasi wametandazwa chanjani. Kazi iliyobaki ni ya jua. Anajifunga khanga upya, anabeba tufe la mbao na kuelekea kwenye sakafu ya ghala lililobomolewa.

Hapo ndipo bolingi inapochezwa. Pini kumi za mninga, kazi ya fundi wa Rusimbi, zimepangwa pembetatu, moja mbele na nne nyuma. Mchezaji ana duru kumi, na kila duru anaviringisha tufe mara mbili. Akikanyaga mstari wa chokaa, alichoangusha hakihesabiwi.

"Zamani tukishaanika tulikuwa tunakaa kusengenyana," anasema Melania (47). "Sasa tunasengenya huku tunacheza."

Leo, hata hivyo, ana wasiwasi. Mwenye sakafu, Mzee Nikodemu, anataka kuanika dagaa wake hapo kuanzia Jumatatu, maana dagaa wa sakafuni hawana mchanga na wanapata bei. Ataghairi kwa sharti moja tu: leo kina mama wawafunge watumishi wa serikali wanaotoka mtaa wa Katubuka, jambo ambalo halijawahi kutokea.

"Mimi situnzi kiwanja cha kushindwa," anasema mzee, wala hatanii.

Anayewachezea watumishi hao dhidi ya Melania ni Sia, wa maabara, aliyehamishiwa Kigoma kutoka Moshi. Ndiye aliyeuleta mchezo huu, ingawa kila upande hujihesabia pointi zake.

Duru ya tano, Melania anaangusha pini zote kwa tufe la kwanza. Hiyo ni straiki: kumi, na nyongeza ya pini za matufe mawili yanayofuata. Angezimaliza kwa tufe la pili ingekuwa speya, yenye nyongeza ya tufe moja. Matufe mawili yanayofuata yanampa sita na tatu.

"Ya tano kumi na tisa," anatangaza. "Ya sita sifuri."

"Sifuri ya nini, mama?" anauliza Sia.

"Si tisa nimeshazitoa nyongeza? Nikikuongezea konzi ya dagaa, beseni langu limepungua."

"Huku halipungui, mama. Tisa zinaongezwa kwenye straiki, na kwenye duru yake zinabaki palepale."

Melania anamkodolea macho. "Kumbe siku zote tunajipunja wenyewe?"

Kina mama wanaangua kicheko, na mwandishi wa makala haya anashindwa kujizuia.

Sia anamaliza na pointi 131. Melania anaingia duru ya mwisho akiwa na 112. Katika duru hii, ukipata straiki unapewa matufe mawili zaidi papo hapo. Anaipata. Kisha nane. Kisha mbili zilizobaki. Jumla 132.

Bila zile tisa angeshindwa tena. "Mdomo wangu umeniponza," anasema Sia, akimkumbatia kwa furaha ya kweli.

Melania anataka kuunda timu ya kina mama wa Kibirizi, siku moja ikacheze Dar es Salaam. "Lakini kwanza sakafu," anasema, akimgeukia Mzee Nikodemu.

Mzee anasogea kwenye mstari. Anavua kandambili, anaomba tufe, anakimbia nalo na kulitupa. Pini saba zinaanguka, naye anajipigia makofi.

Melania anaitazama miguu ya mzee, kisha mstari wa chokaa. Sakafu ni ya huyu huyu.

"Samahani, Mzee wangu. Umekanyaga mstari. Ni sifuri."

Mzee anauchunguza mstari, anavaa kandambili zake taratibu.

"Sawa," anasema. "Jumatatu nakuja kurudia."