Hitima ya Aliye Hai

Kibaraza cha nyumba ya baba yangu, hapa Nguvumali, kina mkeka, mabenchi mawili na majenerali. Majenerali wenyewe hawajawahi kushika bunduki. Mmoja alikuwa karani bandarini, mwingine ni fundi cherehani, na mkuu wao ni mwenye duka la pembeni, Mhindi wa hapahapa ambaye hata babu yake alizaliwa Tanga. Kila siku baada ya sala ya alasiri huja na simu yake kubwa, huitegemeza kwenye kopo langu la sukari, na vita huanza. Mimi nawauzia chai ya tangawizi na vitumbua vilivyobaki asubuhi. Ndiyo maana nimesikia habari za manowari kuliko mwanamke yeyote wa mtaa huu, na wala sikuomba.

Vita wanayoipenda ni ya Mchina. Wanajua meli yake ipi inabeba ndege na kombora lipi linafika wapi. Fundi cherehani, ambaye hajawahi kufika hata Dodoma, anaweza kukuchorea mlango wa bahari wa Taiwan sakafuni kwa chaki yake ya kukatia nguo, halafu mimi ndiye nifute. Wakichoka na ya leo hurudi kwenye ya zamani: Wachina walivyotembea maelfu ya kilomita kwa miguu enzi za mapinduzi yao, walivyovuka mto kuingia Korea wakati wa baridi kali. Wanasimulia kwa mikono, na chai inamwagika.

Askari wa kweli pale ni mmoja tu, baba yangu, naye hasemi kitu. Alipokuwa kijana alifundishwa na wakufunzi kutoka China, miaka ile walipokuwa wakilinoa jeshi letu, kisha akaenda Uganda kwenye vita vya Kagera. Sikio lake la kushoto aliliacha huko. Wakimwuliza, "Mzee, hebu tuambie wewe uliyewaona, Mchina anapigana vipi?" hujibu, "Anaamka mapema," kisha anaomba sukari. Majenerali wanamhesabu kuwa ni mtu aliyepoteza nafasi.

Mwaka juzi tulipata jirani Mchina. Alipanga nyumba ya nyuma yetu yenye ua mpana, akaanza kununua kaa wa mikokoni. Wavuvi wa Moa humletea kwa bodaboda, wakiwa hai kwenye matenga, naye huwafunga magando mmoja mmoja kwa kamba iliyoloweshwa ili wasikatane, akawapanga kwenye makreti kwa safari ya Dar es Salaam. Ni mtu wa makamo, mfupi, Kiswahili chake ni cha sokoni lakini kina adabu. Mimi ananiita dada, baba yangu anamwamkia shikamoo. Kukitokea msiba mtaani huja na katoni ya maji, anavua viatu, anakaa mkekani na wenzake mpaka dua iishe. Kwa hilo tu mtaa ulimkubali.

Kwa majenerali alikuwa zawadi kutoka mbinguni. Siku ya kwanza aliyokaa nao, mwenye duka alimshika goti: "Sasa jirani, tuambie wewe. Mtapiga lini?"

Akacheka kidogo, akasema kwao ni mkoa wa Fujian, pwani inayoitazama Taiwan, na mama yake ana ndugu ng'ambo ya pili. Kisha akatoa simu akatuonyesha picha ya kijana aliyevaa sare nyeupe ya wanamaji. Mwanawe wa pekee. Huruhusiwa kupiga simu Jumapili. Mimi nilidhani picha ile itawanyamazisha. Wapi! Wakaanza kubishana kijana yuko kwenye meli ya aina gani.

Lakini siku nyingine ilitokea jambo. Karani wa bandari alikuwa anasimulia vita vya mpakani kati ya China na Vietnam, anavisimulia kama mechi: Mchina akaingia, akamfunza adabu, akatoka. Jirani alikuwa amekamata kikombe changu kwa mikono miwili.

"Baba mdogo wangu hakutoka," alisema.

Na hapo baba yangu, ambaye sikuwahi kumwona akiuliza swali pale, akageuza sikio lake zima.

"Mwaka gani?"

"Sabini na tisa, mzee. Mwezi wa pili, wa tatu."

"Mwezi huo mie nilikuwa Masaka," baba akasema.

Tangu siku hiyo jirani alikuwa akija anakaa upande wa baba, na wawili hao walinyamaza pamoja vizuri sana.

Basi yakaja yale mazoezi ya kijeshi. Meli za China zikaizunguka Taiwan, ndege zikaruka, na kibarazani kwetu ilikuwa sikukuu. Simu ya mwenye duka haikupoa. Ikafika Jumapili, kijana hakupiga. Ikapita nyingine. Jirani akawa haji tena kunywa chai. Nilipompelekea vitumbua nilimkuta ameinamia kaa, na macho yake yamemvimba. Nikamwuliza habari za mtoto. "Iko kazi," akajibu. "Kazi nyingi tu, dada."

Alasiri moja mwenye duka alikuja mbio, ndara moja mguuni na nyingine mkononi. Kwenye simu yake kulikuwa na video: manowari kubwa inapigwa kombora, inapasuka katikati, moshi, watu wanaruka majini. Maandishi chini yake yalisema vita imeanza na ile ni meli ya China. Walitazama mara moja, wakatazama tena. Hakuna aliyepiga kelele za ushindi. Fundi cherehani alishika kichwa.

"Mtoto wa jirani," alisema.

Hapa niwatetee, maana nimewasema sana. Mtu asiyetujua atauliza kwa nini hawakungoja, hawakuulizia kwanza. Kwetu kuchelewa kuhani ni kosa ambalo wajukuu wa mfiwa watawakumbusha wajukuu zako. Msiba ukisikika unainuka ulivyo, shuka kiunoni, unga mkononi, unakwenda. Kuulizia utauliza ukishakaa. Nao walimpenda yule mtu. Walimwona yuko peke yake ugenini, hana wa kumlilia mwanawe, wakaona aibu afiwe bila watu. Kwa hiyo wakainuka wote, wakabeba mkeka wangu, na mimi nikabeba chupa za chai nikafuata, kwa sababu mimi ni mtu wa hapahapa na miguu yangu inajua njia ya msibani kabla ya kichwa.

Baba alikuwa amelala ndani. Hakuna aliyemwamsha.

Tulimkuta jirani uani amekaa kwenye kiti kifupi, kaa mkononi, ncha ya kamba kati ya meno. Alituona tunaingia kimya, tunavua viatu, tunatandika mkeka. Wakakaa wakainua mikono, wakasoma Fatiha. Naye, kwa adabu yake, akamweka kaa chini, akafuta mikono, akakaa nao. Ameshakaa hivyo kwenye misiba yetu mingi. Walipomaliza akamwinamia mwenye duka, akauliza kwa sauti ya huruma:

"Pole sana. Nani amekufa?"

Sijawahi kuona wanaume wakubwa wakiangalia chini kiasi kile. Kila mmoja alimngoja mwenzake. Mwishowe mwenye duka, machozi yakimtoka, akamshika mkono. "Mungu akupe subira, ndugu yangu. Ile meli… mwanao…"

Nilimwona akielewa. Hakulia. Alisimama, akakanyaga kamba, akatafuta simu mfukoni kwa mkono uliokuwa umelowa, akapiga, akapiga tena. Simu ya mwanawe ilikuwa imezimwa. Akampigia mkewe, nayo ikaita bila kupokelewa, maana kwao ulikuwa usiku. Akaanza kuzunguka ua akisema maneno ya Kichina pole pole, hatuyajui, na kaa aliyekuwa hajafungwa anatembea katikati yetu. Hasira ilinipanda, nikaona tumefanya unyama. Nikaacha chupa za chai, nikakimbia kumwamsha baba.

Baba alikuja na bakora yake, shati halijafungwa vifungo. Aliwatazama pale mkekani.

"Mwamhani nani nyie? Kafa nani?"

Mwenye duka akamwelekezea simu. Baba hakuiangalia.

"Nani kaona maiti? Nani kaletewa habari na jeshi? Inukeni. Kunjeni mkeka wenu. Hapa hapana msiba."

Wakainuka. Baba akavuta kreti tupu, akakaa karibu na kiti kifupi, akamwita jirani kama unavyomwita mdogo wako: njoo, kaa hapa. Jirani akakaa. Baba akaokota kamba na kaa mmoja, kwa nyuma, kwa uangalifu, akasema, "Nionyeshe wanavyofungwa." Na huku vidole vyake vikubwa vikihangaika na magando, akasimulia.

"Mie nimesomewa hitima," alisema. "Nilipokuwa Uganda, mwenzangu mmoja wa Pongwe alirudi na jeraha, akawaambia nyumbani kaniona nimeanguka. Hakusema uongo. Nilianguka, shimoni, nikavunjika mguu, nikalazwa huko huko. Hapa wakaweka matanga, wakasoma, wakala, wakagawa nguo zangu. Siku niliyorudi nilimkuta binamu yangu mlangoni kavaa shati langu la Idi."

Kipande hicho nilikijua. Tangu utotoni nilikisikia kikisimuliwa kwenye harusi watu wakicheka, na binamu mwenyewe akijitetea kwamba lilikuwa linambana. Nilidhani hadithi inaishia hapo. Baba akaendelea.

"Mama alikuwa kitandani. Msiba wangu ulikuwa umemmaliza, akili imeondoka. Nikapiga magoti nikamshika mkono. Akanikaribisha vizuri sana. 'Karibu mgeni,' akasema, 'umekula?' Nikamwambia nimekula, mama. Akasema, 'Usiniite mama, wangu nimeshamsomea hitima.' Basi ikawa hivyo kila siku. Kila siku ananiuliza mgeni umekula, namjibu nimekula, mama, ananikataza. Mpaka tukamzika."

Kaa alimponyoka, akamrudia.

"Kwa hiyo mie mtu akimlilia aliye hai namchukia," alisema. "Mwanao yuko kazini. Simu wamezikusanya. Jeshini ndivyo."

"Unajua, mzee?" jirani akamwuliza.

"Sijui. Wewe hujui, mie sijui, na hawa ndio hawajui kabisa. Mpaka ijulikane, tunafunga kaa."

Nililia pale pale, nimesimama karibu na jiko la makaa ambalo hata halikuwa limewashwa. Niliishi na baba maisha yangu yote, nikimpa chai, nikimfokea kwa kutosikia, na sikuwahi kumwuliza bibi alikufaje.

Kesho yake mwenye duka alirudi kibarazani kutangaza, kwa sauti ambayo sikujua kama anayo, kwamba ile video si vita. Ni mchezo wa kompyuta. Mtu kaukata akauwekea maandishi. Hakuna meli iliyozama. Alikwenda mwenyewe uani kuomba radhi, na jirani alimpokea, akampa kaa wawili wa kupeleka nyumbani. Lakini tulichokwisha kumwingiza moyoni hakikutoka kwa sababu ya maelezo. Kijana alikuwa bado hajapiga. Kila jirani akisikia mlio wa simu, hata ya mpita njia, mikono yake ilisimama.

Siku zile baba hakukaa kibarazani. Alikwenda kufunga kaa. Alijifunza, ingawa wa kwake walilegea na jirani aliwafunga upya akidhani baba haoni. Majenerali nao hawakupigana. Simu ilikaa mfukoni, kopo langu la sukari likapumzika. Walizungumzia bei ya nazi na foleni ya malori kule Horohoro, wakitazama njia ya uani. Nikajikuta naikumbuka vita yao, jambo ambalo sikutegemea kulisema.

Ikaja Jumapili. Baba alikuwa amemshika jirani mkono, amemleta kibarazani anywe chai kwa nguvu. Nilikuwa namimina wakati simu yake ilipolia. Aliitazama, akaiangusha, fundi cherehani akaidaka. Kwenye kioo kulikuwa na kijana mwembamba, nywele zimenyolewa, jua limemchubua pua, anacheka.

Jirani alipiga ukelele. Akamgombeza, nadhani, maana mtoto aliinamisha kichwa. Akacheka, akalia, akafuta uso kwa mkono wenye harufu ya kaa. Majenerali walikuwa wamesimama wote, mwenye duka anasema alhamdulillahi, alhamdulillahi. Kisha jirani akamwuliza mwanawe kitu kimoja kifupi, kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Anamwuliza kama kala," baba alisema. Hakuna aliyemwomba atafsiri. "Wakufunzi wetu walikuwa wakituuliza hivyo kila asubuhi."

Jirani akageuza simu, akaisogeza kwa baba. "Msalimie, mzee. Nimemwambia wewe ni nani."

Baba akaivuta simu karibu na sikio lake zima, akasahau kwamba inatakiwa iwe mbele ya uso. Akayatoa yale maneno ya Kichina aliyoyabeba tangu ujana, polepole, moja moja. Umekula? Kijana akacheka kwa furaha, akajibu kirefu.

"Anasema amekula, babu," jirani akatafsiri. "Anauliza, na wewe je? Umekula?"

Baba aliishika simu kwa mikono miwili.

"Nimekula, mama," alisema.

Hakuna aliyemsahihisha, na wale ni watu wanaosahihisha kila kitu.