Bawabu wa Ukumbi wa Mlandege

Pale Mlandege, kwenye ukumbi wa Mzee Ambrosi, mlango una mwenyewe, naye ni Kalista wa Kihesa. Mjane, mfupi, kitenge kimekazwa kiunoni kama anayekwenda kulima. Tangu ukumbi uezekwe bati, hakuna harusi iliyoingia bila kupita mbele yake. Watu humwita askari, wengine mama wa mlangoni, na vijana ndio hao na getikipa wao. Hakuna jina alilolipenda hata moja.

Siku moja Ambrosi alimletea fulana nyeusi, mgongoni imeandikwa MLINZI. Kalista akaikunja vizuri, akamrudishia.

"Mlinzi ana rungu, anakulindia mabati watu wamelala. Mimi ni bawabu. Bawabu anafungua."

"Bawabu! Hilo neno la kanisani, mama. Nani analisema siku hizi?"

"Mimi. Nililisoma darasa la nne na halijaoza."

Ambrosi hakucheka. Alisema wateja wamechoka, Kalista anawahoji kama hakimu. Jumamosi akisikia lalamiko moja tu, mlango atawapa vijana wawili wenye vifua.

"Haya," Kalista akajibu.

Jumamosi ikawa harusi ya Kulwa, kijana wa Kisukuma ambaye wazee wake walihamia Usangu na ng'ombe wao. Alikuwa anaoa binti wa hapa Iringa. Mwenyekiti wa kamati ni Edmund, mjomba wa bibi harusi, muuza nyanya wa Ilula mwenye sauti ya kunadi. Aliamuru mapema: "Bila kadi haingii mtu, hata awe nani. Umesikia, mama?"

"Nimesikia. Hata awe nani."

Jioni, baridi imeanza kuuma, likafika basi la Kosta kutoka Usangu. Akashuka Ng'washi, bibi yake Kulwa, na wazee wenzake nyuma. Kadi hawana. Kwao mwenye shughuli haalikwi kwenye shughuli yake.

"Kadi gani, mwanangu?" Ng'washi akauliza. "Huyo bwana harusi nimembeba mgongoni. Mbona yeye hakunionyesha kadi?"

Kalista alicheka mpaka akashika ukuta. Akampa kiti chake, akamfunika shuka lake, akamwita Edmund.

"Sahani zimepangwa kwa kadi," Edmund akasema. "Wasubiri hapo hapo." Honi za maharusi zikasikika barabarani, akatoka mbio kuwapokea. Kalista akafunga mlango nyuma yake.

Edmund alirudi anahema. "Fungua, maharusi hawa hapa!"

"Kamwene, mwenyekiti," Kalista akamsalimia kwa Kihehe. "Kadi."

"Kadi? Mimi?"

"Hata awe nani."

Kadi yake ilikuwa ndani, kwenye mkoba wa mkewe. Wazee wa Usangu wakaanza kuchekea viganjani. Tarumbeta zinalia, bibi harusi anatetemeka na shela lake.

"Wewe mlinzi, kesho huna kazi hapa!"

Maneno yale yalimchoma, maana alijua ni kweli. Lakini mkono haukutoka kwenye komeo.

"Ya kesho nitayajua kesho. Leo mlango ninao mimi. Sheria umetunga mwenyewe. Ukitaka niivunje, nianze na bibi."

Kulwa akashuka garini. Alipomwona bibi yake amekaa nje na shuka la watu, akapiga magoti na suti yake pale pale vumbini, akamwamkia. Hakuinuka.

"Wafungulie," Edmund akasema, kwa kisauti ambacho Ilula hawajawahi kukisikia.

Kalista akafungua pande zote mbili. Akatangulia Ng'washi, wakafuata wazee, ndipo maharusi. Edmund akaingia wa mwisho.

Lalamiko lilimfikia Ambrosi kabla keki haijakatwa. Akaja mlangoni. Ndani Ng'washi alikuwa anacheza, watu wamepanda juu ya viti wamwone.

"Umelalamikiwa, mama."

"Najua. Na bibi yule?"

Ambrosi akakuna kichwa. "Bibi yule anataka mjukuu wake mwingine naye aolee hapa hapa. Amesema mlango huu una mtu. Jumamosi usichelewe."

"Na fulana?"

"Tutaona."

"Usione. Andika BAWABU."