Siku Nilipotaja Titi Langu Mbele ya Mizani

Mwanangu, iko siku moja ya soko la tumbaku ambayo nimezeeka nayo kichwani. Mjukuu wangu ndiye anayeniandikia haya, kwa kuwa mimi shule sikuiona, nami nimemwonya asilainishe neno langu hata moja. Nimesikia kwamba siku hizi mna kadi za bima, na kwamba mgonjwa wa saratani huweza kufika dirishani akaambiwa dawa yake haimo, akarudi nyumbani kulia. Kilio hicho nakijua. Nililia kabla yenu.

Ilikuwa miaka ya tisini, Mpanda ikiwa bado katika mkoa wa Rukwa. Babu yenu alikuwa amekwisha kufariki, akaniachia Kulwa na Doto wangali wadogo, pamoja na shamba la tumbaku nililolilima kwa jina langu mwenyewe. Bima hatukuijua. Tulikuwa na mfuko wa matibabu wa chama cha wakulima: kila msimu, tumbaku ikishapimwa, mkulima alikatwa kidogo kabla ya kulipwa, ili akiugua chama kimsafirishe na kumtibu.

Nikapata uvimbe kwenye titi. Niliuficha muda mrefu, nikijidanganya kwamba ni uchovu wa kuchochea moto wa bani, lile jengo tunalokaushia tumbaku. Nilipokwenda hospitali mjini Mpanda, daktari hakuzungukazunguka. Alisema ni saratani, kwamba hukatwa na kuchomwa kwa mionzi, na kwamba mionzi iko Dar es Salaam.

“Nenda sasa,” alisema. “Ukija msimu ujao, nitakuwa sina la kukufanyia.”

Nikaenda kwa katibu wa chama. Nilimkuta peke yake ofisini, anakula muhogo wa kuchoma. Hakunikaribisha hata kukaa.

“Mama Kulwa, mfuko huu ni wa homa, uzazi na kuumwa na nyoka. Huo wako hauponi. Hatuwezi kumwaga fedha za watu.” Kisha akashusha sauti kama mwenye huruma. “Ila likitokea la kutokea, jeneza ni la chama. Hilo usiwe na wasiwasi.”

Nami nilimshukuru. Nilipiga goti, nikasema asante, nikarudi nyumbani nikiwaza ni nani atakayewalea wanangu.

Mama mkwe wangu, Bibi Nyamizi, hakunibembeleza. Aliniacha nilie, kisha akauliza, “Nani amekukatalia?”

“Chama, mama.”

“Chama kilikuwa kimekaa?”

“Hapana. Alikuwepo katibu.”

“Basi chama hakijakukatalia. Umekataliwa na mtu anayekula muhogo. Kesho kutwa ni soko. Utayasema haya mbele ya wote waliokatwa pamoja nawe.”

“Mama, nitatajaje titi mbele ya wanaume?”

“Wanaume hao walinyonya wapi? Kwenye mti?” Akanitazama kwa ukali. “Ukifa kwa ugonjwa nitakulilia. Ukifa kwa aibu, sitakulilia.”

Siku ya soko wakulima walikuwa wamekaa juu ya marobota yao wakingoja zamu. Bibi Nyamizi alipita katikati yao, akapanda kwenye mizani, akaketi. Kazi ikasimama. Kijana mmoja akamwambia mteuzi, yule anayeipanga tumbaku kwa madaraja, “Mzee, huyo naye mpangie daraja.”

“La kwanza,” akajibu bibi, watu wakacheka. “Sasa nyamazeni, mkwe wangu aseme.”

Nikasimama kando ya mizani. Nilisema nina saratani ya titi, daktari ameniambia hutibika nikiwahi, nami nimekatwa kila msimu kama wao. Nikamwomba katibu arudie mbele yao aliyoniambia ofisini.

Akayarudia kwa maneno mazuri zaidi. Mzee mmoja akauliza, “Kanuni hiyo tuliipitisha lini?”

“Haijapitishwa, mzee. Ni busara tu.”

“Busara ya nani?”

Ndipo akasimama mkulima mwingine, mtu mwenye akili zake, akasema tukimpeleka huyu, kesho watakuja wengine, na mfuko utakauka. Hoja ile haikuwa ya kipuuzi. Nami nikahisi nimekwisha.

“Watakuja,” akasema Bibi Nyamizi. “Na mmoja wao atakuwa mkeo. Tuambie sasa, utamwambia nini?”

Mwenyekiti wa chama akaomba wanaokubali nipelekwe wainue mikono. Haikuinuka yote, na wapo waliochukia miaka mingi baadaye, lakini ilitosha. Nilipanda treni pale Mpanda kwenda Dar nikiwa na kanga mbili na barua ya daktari. Titi lilikatwa, nikachomwa mionzi, nikarudi kulea wanangu. Nilipotakiwa kurudi Dar kuangaliwa tena, katibu alianza kusitasita. Nikatazama upande wa mizani. “Usiende kukaa, Mama Kulwa,” akasema. “Tutazungumza.”

Sasa sikiliza, mwanangu. Ukikataliwa, usishukuru. Uliza ni nani aliyekataa, kwa kanuni ipi, na ni nani aliye juu yake. Mwombe daktari aandike kwa nini unahitaji dawa hiyo na si nyingine. Usiende peke yako, kwa maana mgonjwa huchoka upesi, na wao wanajua hivyo. Nenda na mtu mwenye afya na mdomo. Usione haya kutaja ugonjwa wako. Tena usikae ukingoja majibu huku ugonjwa unatembea: dai haki yako, na papo hapo tafuta njia nyingine ya kutibiwa.

Siwezi kukuahidi kwamba utashinda. Yuko mwanamke wa kijiji chetu niliyemsindikiza mimi mwenyewe. Walimkubalia wakiwa wamechelewa, nasi tukamzika. Hata hivyo nilikwenda na aliyefuata, na aliyefuata huyo anaishi.

Mungu aulinde mwili wako. Na kama utaugua, akukutanishe na daktari asemaye kweli, akupe ndugu wasiochoka kurudi nawe mahali mlipofukuzwa, na akuzeeshe mpaka uchoshwe na kelele za wajukuu, kama ninavyochoshwa na zenu. Amina.