Niliingiza diski ya kuazima kwenye volume group ya seva, mwenyewe akaja kuichomoa

Wakuu, habari za humu ndani.

Mie ni mtu mzima, wajukuu ninao, na shule yangu iliishia kidato cha nne. Sina sababu ya kupamba kisa hiki ili mnione mjanja, maana hakuna mahali ndani yake nimekuwa mjanja. Nitakieleza kilivyokuwa, na nilipokosea nitapataja mwenyewe kabla hamjanisaidia.

Nina studio ndogo ya picha na video za shughuli, Temeke. Nilianza enzi za filamu, ukipiga picha ukiomba Mungu itoke. Siku hizi ni video, na video inakula nafasi kuliko mgeni aliyekuja harusini na watoto wake wote.

Kwa hiyo nina seva. Msishtuke, ni kompyuta ya zamani iliyofungwa Linux na fundi mmoja, ipo chini ya meza, juu yake naweka birika. Mengine nimejifunza humu humu jukwaani, kwa kuuliza maswali ambayo wengine mlicheka.

Kwa wasiojua, ndani ya Linux kuna kitu kinaitwa volume group. Unachukua diski mbili au tatu, unazijumuisha, zinakuwa kitu kimoja. Fikiria sufuria ya pilau la shughuli. Huyu kaleta mchele, yule kaleta mchele, vyote vinamwagwa humo. Nafasi inaongezeka bila wewe kuhangaika kipi kiko wapi.

Uzuri wake ndio huo. Ubaya wake nao ndio huo. Ukishamwaga mchele wako humo, huwezi kurudi saa sita mchana kudai punje zako.

Volume group yangu nimeiita "harusi". Ilikuwa na diski mbili.

Sasa, mnajua hali ya Dar Ramadhani ikikaribia. Kila mtu anaoa. Hata waliokuwa hawasalimiani wanaoana. Nikawa na kazi juu ya kazi, na siku moja seva ikagoma kupokea video. Nikaandika df -h, ya kuonyesha nafasi iliyobaki, nikaona asilimia mia moja. Imejaa mpaka mdomoni.

Mtu mwenye akili angepanda gari mpaka Kariakoo akanunue diski. Mie nikaenda mlango wa pili kwa Maganga.

Maganga ana kibanda cha kukopi muvi. Ni Mnyamwezi wa Tabora, mie ni Mzaramo wa Kisarawe, kwa hiyo ni watani, na kwake salamu bila tusi haijakamilika. Kwa umri ni sawa na mdogo wangu wa mwisho.

"Mtani, una diski yoyote imekaa bure?"

"Ipo. Ina tamthilia za zamani, hazina wateja, we futa tu. Ila irudi. Nyie Wazaramo mkiazima sufuria unarudi mfuniko."

"Siku mbili tatu tu, mtani."

Hapo ndipo kosa langu la kwanza. Maganga alidhani naenda kuhifadhi vitu ndani ya diski yake, kama mtu anavyoazima kikapu. Sikumwambia kwamba naenda kuimwaga kwenye sufuria.

Ilikuwa ni ile diski ya nje, ya waya wa USB. Najua wataalamu mmeshashika kichwa. Nishikieni na changu.

Nikaandika pvcreate, ya kuiandaa diski. Ikaniuliza kama ifute kilichomo, nikajibu ndiyo kwa kujiamini. Nikaandika vgextend, ya kuiingiza kwenye kikundi. Nikamalizia na lvextend, ya kuitanua ile nafasi yenyewe ya video. Zote zikakubali. Nikajimiminia chai. Wakuu, nilijiona injinia.

Harusi iliyofuata ilikuwa ya binti wa Bwana Nassor, mwenye duka la vitambaa, familia ya Kiarabu ya miaka mingi hapo mtaani. Nilipiga kazi nzuri, nikamwaga video zote kwenye seva. Kisha nikafuta kadi za kamera, maana kesho yake nilikuwa na shughuli nyingine Madale.

Kosa la pili hilo. Video ikabaki sehemu moja tu duniani, na kipande cha sehemu hiyo ni cha Maganga.

Wiki chache baadaye mama yake Bwana Nassor, Bi Nuru, akafariki. Mungu amrehemu. Nilikwenda kuzika.

Haukupita muda mrefu Bwana Nassor akaja studio. Nikajua anakuja kugomba kuhusu video ya harusi, maana nilikuwa sijaigusa. Nyie wenyewe mnajua, video za harusi za mjini hapa zinatokaga bibi harusi ana mimba ya pili.

Hakugomba. Alikaa, akavua kofia, akaiweka gotini.

"Mwinyi," akaniambia, "mama alikuwa hataki kupigwa picha. Tunayo moja tu, ya kitambulisho, na pale kanuna. Nimeambiwa siku ya harusi alikutimua na kamera yako. Ulimchukua?"

"Nilimchukua."

"Sauti ipo?"

"Ipo."

Akaivaa tena kofia. "Basi video ya harusi usiikimbize. Nipe mama tu. Ijumaa jioni ukoo wote tunakuwa nyumbani. Njoo nayo."

Ningeifungua palepale, kisa hiki kisingekuwepo. Lakini niliona haya aone kwamba sijaanza kazi yake. Nikamwambia ipo hatua za mwisho, Ijumaa itakuwa tayari. Kosa la tatu. Ipo hatua gani, wakati hata folda nilikuwa sijaipa jina?

Wakati huohuo Maganga naye alikuwa anadai diski yake.

"Mtani, diski."

"Kesho, mtani."

Kesho yake hivyo hivyo. Ikafika mahali natokea mlango wa uani kama mpangaji anayekimbia kodi. Mzee mzima na mvi, nachungulia kwanza kama Maganga yupo barazani ndipo nitoke.

Ijumaa ikafika. Nilipanga nikitoka msikitini niitoe ile sehemu ya Bi Nuru, niiweke kwenye flashi, jioni niende. Adhana ikakuta niko mwenyewe, nikampigia kelele Maganga, ambaye ni Mkristo: "Mtani, niangalizie mlango, nakwenda kuswali!"

"Nenda ukatubu," akanijibu.

Wakuu, hebu litazameni jambo hilo vizuri. Mwenye diski ndiye niliyemwachia mlango.

Niliporudi nikakaa kwenye kompyuta, nikafungua folda. Hakuna kitu. Nikaandika vgs, ya kukagua kikundi. Linux ikanijibu kwamba kuna diski ya kikundi haionekani. Nikainama chini ya meza. Waya haupo. Diski haipo. Lipo birika tu.

Nilitoka na kanzu nimeikusanya mkononi. Pale kwa Maganga palikuwa na wateja wamepanga foleni na flashi zao. Yeye amekaa mbele ya kompyuta yake ya Windows, diski imechomekwa, na kwenye kioo kuna ule ujumbe wa kuuliza: hii diski haisomeki, je, uifomati?

Windows haijui mambo ya volume group. Ikiona chombo isichokijua, inataka kukiosha.

Na mkono wa Maganga uko kwenye mausi.

"Usibonyeze!"

Wote wakageuka. Maganga naye akageuka, taratibu, akanitazama kuanzia kanzu mpaka miguuni. Nilikuwa nimevaa kandambili moja tu.

"Kumbe unajua kupita mlango wa mbele," akasema.

"Mtani, nakuomba, toa mkono hapo."

"Diski ya nani hii?"

"Yako."

"Uliomba ya siku ngapi?"

"Mbili tatu."

"Sasa nibonyeze, nisibonyeze?" Akawageukia wateja. "Jamani, tumfanyeje Mzaramo huyu?"

"Bonyeza!" wakajibu. Vijana wa Temeke hao, huruma wameiacha nyumbani.

"Nitakuachia," akasema Maganga, "lakini kwanza uniamkie. Hapa hapa, wasikie."

Nyie mnaelewa uzito wake. Mie ndiye ninayepaswa kuamkiwa na yule. Nikajaribu kucheka, nikajaribu kumtukania Tabora yake, hakutikisika. Kishale kikasogea kwenye kitufe cha kufomati.

"Shikamoo," nikasema.

"Sijasikia, kuna muziki."

"Shikamoo, Maganga!"

"Marahaba, mwanangu. Unasomaje shuleni?"

Foleni nzima ikalala kwa kicheko. Mie sikucheka; nikakaa kwenye ngazi ya kibanda, macho kwenye ile diski. Maganga akaona kuna kitu.

"Mtani, kuna nini humu ndani?"

Nikamwambia. Kwamba humo kuna Bi Nuru, mama yake Nassor. Kwamba nilifuta kadi. Kwamba hii diski nimeiunganisha na zangu kwa namna ambayo haichomolewi hivi hivi. Na kwamba jioni hii ukoo wote unamsubiri, na mie ndiye niliyewaambia yuko tayari.

Maganga aliuondoa mkono kwenye mausi kama ameshika kaa la moto.

"Bi Nuru huyu aliyekuwa ananitumia sahani ya futari kila mwaka na mie sifungi?"

"Huyo huyo."

"We Mwinyi ni mjinga!" Hapo hakuwa anatania. "Mwezi mzima nakuuliza diski, unanikwepa uani. Ungefungua mdomo tu ukasema, mtani, humu kuna maiti ya watu, mie ningeigusa?"

Nikamwomba tuirudishe studio.

Aliichomoa mwenyewe, kwa utaratibu, akaibeba kwa mikono miwili mpaka studio. Wateja wakatufuata na flashi zao, kama tumebeba jeneza. Tuliizima seva, tukaichomeka diski, nikawasha.

Seva ikaanza kukagua mafaili. Maandishi yakawa yanapita, mengine ya makosa, inarekebisha hili, inatupa lile. Inatupa nini? Mie sijui. Kila mstari nausoma kama majina ya walioitwa polisi. Maganga kasimama nyuma yangu, ameshika birika langu bila kujua kwa nini.

Ikafunguka. Nikaandika vgs, diski zote tatu zipo. Nikaingia kwenye folda ya Bwana Nassor. Mafaili mawili yalikuwa yameharibika: moja la watu wanakula, jingine la mjomba wa bwana harusi anahutubia. Watu wa Temeke watanisamehe kwa hilo la hotuba.

La Bi Nuru nililibonyeza nimefumba jicho moja. Likacheza.

Nikalikopi kwenye flashi. Maganga akasema, "Tena." Nikalikopi kwenye flashi ya pili. Akasema, "Tena," nikamkopia na yeye kwenye yake, akaitia mfukoni mpaka nilipomaliza kazi, kisha akaifuta mbele yangu, kwa heshima ya wenyewe.

Jioni nikaenda. Sebule imejaa, wanawake upande wao, watoto chini kwenye mkeka. Nikachomeka flashi kwenye televisheni.

Inaanza na mlango wa jikoni. Nilikuwa nimepotea njia siku ile, natafuta pa kupigia picha masufuria ya wali. Mlango unafunguka, anatoka Bi Nuru, upawa mkononi.

"Wewe Mwinyi! Mwanamume mzima unachungulia jikoni? Kama una njaa si useme, tukupakulie! Hiyo kamera yako inakula pilau?"

Kisha picha inaruka. Unaona dari, unaona ndala zangu, unaona kuku anakimbia upande mmoja na mie upande wa pili. Na nyuma ya hayo yote, bila yeye kuonekana, unamsikia anacheka. Anacheka mpaka anakohoa, anamwambia mtu ndani, "Mwoneni, mwoneni anavyokimbia!"

Sebule nzima ililipuka. Watoto wakaanza kuniigiza. Halafu kicheko kikapungua kidogo kidogo, nikaona akina mama wanajifuta kwa ncha za mitandio.

Nikataka kuzima. Bwana Nassor akanishika mkono.

"Rudisha," akasema. "Pale anapocheka."

Nikarudisha. Akaomba tena, nikarudisha. Nilikaa pale na rimoti, namkimbia Bi Nuru mbele ya ukoo wake wote, na kila nilipofika kwa yule kuku walikuwa wakisema: tena.

Kesho yake asubuhi nilipanda gari la kwanza kwenda Kariakoo. Nikanunua diski, nikaingiza kwenye kikundi, nikahamisha vilivyomo kwa pvmove, na vgreduce ikaitoa ya Maganga salama. Nilimrudishia kupitia mlango wa mbele. Akaipokea, akaikagua, akauliza mfuniko uko wapi.

Funzo langu, wakuu, siyo la Linux peke yake. Cha kuazima usikichanganye na vyako mpaka kisichomoleke. Ukiwa umeshachanganya, mwambie mwenyewe mapema, hata kama atakucheka; kucheka kwake ni rahisi kuliko kukimbia mtaani na kandambili moja. Na kadi ya kamera usiifute kwa sababu tu kesho una harusi Madale.

Wataalamu, karibuni mnichape. Nataka kujua hasa: yale mafaili mawili yaliyoharibika, kuna namna ya kuyaokoa? Mjomba mwenye hotuba ameanza kuulizia, na safari hii nimemwambia ukweli.