Magoti ya Intavyuu

Harufu ya mbegu za pamba zilizolowa ikinipita puani, hadi leo uso unanipata moto. Msinicheke. Shule yetu pale Ngokolo ilipakana na jineri, kile kiwanda cha kuchambua pamba, na miaka ile ya sabini karani wake mmoja, Mama Zaituni, alikuja kila Jumamosi kwa hiari yake kutufanyisha intavyuu za mazoezi sisi wa darasa la saba. Hakulipwa hata soda.

Alikaa kwenye meza ya mwalimu, miwani puani, akajifanya bosi. Zamu yangu ilipofika nilibisha hodi, nikaingia, nikapiga magoti palepale sakafuni. "Shikamoo." Kwetu Usukumani mtoto wa kike angemwamkiaje mtu mzima? Darasa zima lilicheka.

"Inuka, mwanangu," alisema. "Ukipiga magoti humu watakupa ufagio. Mimi nataka wakupe taipu."

Alinirudisha mlangoni tena na tena, mpaka nikaweza kusimama wima, kumtazama machoni na kuketi bila kutetemeka. Nilitoka pale kichwa kimevimba.

Kesho yake baba mkubwa akaja kutoka kijijini. Niliingia sebuleni kifua mbele, nikampa mkono, nikamwamkia huku nimemkazia macho, kisha nikavuta kiti nikakaa mbele yake. Mama aliganda na sahani ya ugali mkononi.

"Mwangaluka, bosi," baba mkubwa akaniitikia taratibu kwa salamu yetu ya Kisukuma. "Kwani mimi nimekuja kuomba kazi?"

Baba aliinamisha uso. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Jioni ile baba alisema mambo ya Jumamosi basi, na intavyuu yenyewe ya kazi pale jineri, iliyokuwa mwisho wa mwezi, niisahau.

Mama Zaituni alipopata habari alikuja nyumbani, baba mkubwa akiwa bado yupo. Mlangoni alishika mwimo, akashusha goti moja, halafu la pili, kwa shida, mtu wa asili ya Pwani asiyezoea.

"Shikamooni, wazee wangu. Kosa ni langu. Nilimfundisha mtoto ya ofisini, nikasahau kumwambia yaishie ofisini."

Baba mkubwa akaanza kumhoji: kwao wapi, analea watoto wangapi, mtoto wa kike akipata kazi nani atamwangalia. Akajibu yote akiwa chini, gauni lake la kazini likishika vumbi. Nilimwonea aibu kuliko niliyojionea mwenyewe, nikageukia ukutani nisimwone.

Jumamosi iliyofuata baba aliniruhusu kurudi, na mwisho wa mwezi taipu nikaipata.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba siku ile mwalimu wangu alidhalilishwa kwetu. Nimekuja kuelewa ukubwani kwamba yeye ndiye aliyekuwa kwenye intavyuu, na kazi aliyokuwa akiiomba ilikuwa yangu.