Mtu wa Kumwandikia Bibi Kombe

Bibi alisema haingii chumba cha upasuaji bila kombe. Alipokwisha kusema hivyo akaendelea kumenya vitunguu saumu kwa kupapasa, kama mtu aliyetangaza tu kwamba leo hatupiki wali.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na sare yake ya kazini. Anahudumia wazee zamu ya usiku, kwa hiyo mabishano yetu mengi humkuta mlangoni, anatoka au anaingia.

"Mama, nafasi hii tumeingojea mwaka mzima. Ukikataa, wanakurudisha mwisho wa foleni."

"Sijakataa. Nimesema kombe."

"Mambo ya makombe tumeyaacha Tanga."

"Wewe umeyaacha. Mimi nilikuja nayo, ila mwandishi hakuingia kwenye begi."

Kombe, kwa asiyelijua, ni sahani nyeupe inayoandikwa aya kwa wino wa zafarani, kisha inakoshwa kwa maji na marashi ya waridi, na yale maji mgonjwa anayanywa. Mimi niliondoka Tanga mdogo sana, kombe nalijua kwa kusimuliwa. Lakini sababu ya Bibi tuliijua sote. Dada yake mkubwa alipelekwa kufanyiwa jicho bila kusomewa, akatoka haoni kabisa. Huwezi kubishana na mtu aliyemshika mkono dada yake kumpeleka msalani mpaka siku alipofariki.

Na Bibi alikuwa anaelekea kulekule. Mtoto wa jicho alishaziba jicho la kulia, la kushoto likawa kama kioo cha bafuni baada ya maji ya moto. Alikuwa ananitambua kwa jinsi miguu yangu inavyoburuta. Siku moja alinishika mashavu akaniuliza kama nimenenepa. Nikamwambia sijui. Akasema, "Basi sote hatujui." Nilikwenda chumbani nikaandika kwenye daftari langu: nitamtafutia mtu.

Shida ni kwamba mimi ni mtu wa kutoongea. Darasani mwalimu akiuliza swali naangalia viatu. Simu ikiita naiacha inyamaze, halafu natuma ujumbe kuuliza kuna nini. Kiswahili nyumbani naelewa chote ila jibu linatoka kwa Kiingereza, na Bibi hachoki kunitania. "Mke mwenzangu huyu amemeza kasuku wa Kizungu," huwaambia wageni, "na kasuku mwenyewe bubu."

Nilianza na intaneti kwa sababu intaneti haikuangalii usoni. Nikaandika: mganga wa kiroho karibu nami. Wakajaa. Wa karata, wa mawe ya rangi, mmoja anaongea na mbwa waliokufa. Nikamchagua mwanamke mmoja wa Blacktown, si mbali na kwetu hapa Sydney, na nitasema ukweli kwa nini: kwake ungeweza kuweka miadi bila kupiga simu.

Tukapanda treni kituo chetu cha Rooty Hill, Bibi na mimi, Mama akiwa amelala. Ilikuwa likizo ya shule ya majira ya baridi, na Bibi alivaa sweta mbili chini ya buibui. Yule mwanamke alikuwa na kichumba kando ya duka la kupaka kucha, kinanukia ubani kidogo, na Bibi alipousikia ule ubani uso ukamlegea. Akakaa. Mwanamke akaniuliza tumekuja kwa shida gani. Nikamtafsiria Bibi.

"Yeye ndiye aniambie," Bibi akasema. "Nikimwambia mimi, yeye kazi yake nini?"

Sikuitafsiri hiyo. Nikasema tu kwamba Bibi angependa kusikiliza kwanza. Mwanamke akaomba tarehe ya kuzaliwa. Nikampa iliyo kwenye pasipoti, tarehe mosi Januari, na akaanza kueleza watu wa Januari walivyo: wana subira, wanapenda milima.

"Anasemaje?"

"Anasema watu waliozaliwa Januari..."

"Nani kazaliwa Januari? Hiyo tarehe ya serikali! Mimi nimezaliwa mvua za vuli, mwaka wa nzige."

Nikamweleza mwanamke, masikio yakiniwaka moto. Akacheka, lakini si kwa ubaya, akafunua karata. Akasema anaona safari ndefu.

"Mwambie nimeshafika," Bibi akasema.

Hapo mwanamke akazikusanya karata zake. Akanitazama mimi, akauliza hasa tulikuwa tunataka nini. Nikasema, macho. Akasema macho mpelekeni kwa daktari, yeye hashughuliki na macho, na hakutaka malipo. Njia nzima ya kurudi Bibi alikuwa anatikisa kichwa. "Mkweli yule mwanamke, Mungu ampe. Lakini mganga gani anakupeleka hospitali bila hata kukutemea mate?"

Ijumaa tukaenda msikitini. Baada ya sala wanawake wachache wa pwani hukaa karibu na hita, wa Mombasa, wa Unguja, na sisi. Nilikuwa nimejiapiza nitauliza. Nilingoja wanyamaze, hawakunyamaza, mwishowe maneno yakanitoka kwa sauti kubwa kuliko nilivyopanga: "Samahanini, hapa Sydney nani anaandika kombe?"

Hapo ndipo wakanyamaza. Mmoja akaanza kutafuta kitu kwenye mkoba. Mwingine, mnene, mwenye miwani, akasema, "Hayo ya zamani hayo, mwanangu. Siku hizi watu wanasoma dua, basi." Wote wakaitikia ndiyo, dua, dua. Nilitamani zulia linimeze. Bibi naye akanifinya paja.

Nilikuwa navaa viatu nje pale yule mnene wa miwani aliponijia kando, anaangalia barabarani kama anangoja gari.

"Jambo lile haliulizwi mbele ya watu, mwanangu. Una kalamu?" Akanitajia namba. "Yuko Cabramatta. Mwambie umeelekezwa na mtu."

"Mtu gani, shangazi?"

"Mtu. Usiseme mtu gani."

Kupiga simu ile kulinichukua mchana mzima. Nilipiga, nikakata. Nikanywa maji. Nikapiga tena, na sauti ya mwanamke ikasema, kabla hata sijasalimu, "Wewe ndiye uliyekata?"

"Ndiyo. Shikamoo."

"Marahaba. Sasa sema, watoto wanaamka muda si mrefu."

Alikuwa anafanya kazi kwenye kituo cha kulelea watoto. Makombe aliyaandika Jumamosi, nyumbani, juu ya duka la vitambaa. Jumamosi tukaenda, Bibi na mimi. Alikuwa Mpemba mwembamba, kijana kuliko nilivyofikiria, na soksi za manjano. Hakuuliza shida. Aliuliza jina la Bibi na jina la mama yake Bibi. Bibi akalitaja kwa sauti ndogo. Sikuwa nimewahi kulisikia jina la mama wa bibi yangu, na nikalirudia moyoni mpaka likakaa.

"Jicho," akasema yule mama. "La kulia ndilo lililotangulia."

Bibi akanipiga kiwiko. Umesikia? Hakuuliza! Jicho lenyewe lilikuwa jeupe kama maziwa, hata dereva wa basi angelisema, lakini nilifunga mdomo wangu.

Akatawadha, akaandika sahani tatu kwa brashi nyembamba ya kuchorea, pole pole, huku akisoma chini chini. Chumba kikajaa harufu ya zafarani. Nikamwambia upasuaji ni Jumanne. Akatueleza: moja kila alfajiri kabla ya kula, na ya tatu imalizikie siku yenyewe ya upasuaji. Nilizibeba mapajani kwenye treni, kila moja na kitambaa chake, na mtu yeyote aliyenikaribia nilimtazama vibaya, mimi ambaye simtazami mtu.

Jumapili alfajiri Bibi akanywa ya kwanza. Jumatatu ya pili. Jioni yake, Mama akiwa anafunga viatu vya kazini, akasema, "Kesho asubuhi asile wala asinywe, mnakumbuka? Maji matupu tu, na hayo kidogo."

Mlango ulipofungwa Bibi akasema, "Kombe nitakunywa."

"Bibi, hospitali wamesema..."

"Tatu ni tatu. Ukiacha la tatu ni bora usingeanza. Mwambie mama yako arudishe nafasi yao."

Nilisimama jikoni nikiiangalia ile sahani ya mwisho, na kosa letu likanijia wazi. Siku ya upasuaji mtu hanywi chochote ila maji matupu, na kombe la tatu tumeliweka siku hiyo hiyo. Hakuna aliyefikiria kuuliza, si mimi, si Bibi, si yule mama. Sasa kama nisingefanya kitu, kesho asubuhi kungekuwa na kelele mlangoni, na Bibi angebaki kitini na macho yake.

Nikapiga hospitali. Sikukata. Muuguzi akasikiliza, akauliza, "Hayo maji yana rangi?"

"Ya manjano."

"Yana nini ndani?"

"Zafarani. Marashi ya waridi. Na maandishi."

"Maandishi?"

"Yanakuwa yameshakoshwa."

Akaenda kumuuliza daktari wa dawa ya usingizi, akarudi. Haiwezekani, akasema, na alisema kwa upole, lakini haiwezekani. Nikashukuru, nikapiga Cabramatta. Nyuma ya sauti yake ilisikika televisheni.

"Basi aoge," yule mama akasema. "Anywe, aoge, aya ni zile zile. Ila maji yake yasiende chooni wala kwenye mtaro. Yaangukie ardhi safi."

Bibi alikuwa anasikiliza kwa kipaza sauti. "Kuoga ni kwa wenye majini. Mimi nina jicho."

"Mama, sahani nimeandika mimi au wewe?"

Bibi akafunga mdomo. Sijawahi kuona mtu akimfunga Bibi mdomo. Baadaye kidogo akasema, "Ardhi safi iko wapi nyumba hii?"

Ilikuwa nyuma, chini ya mlimau. Alfajiri ya Jumanne majani yalikuwa na umande mgumu unaovunjika chini ya malapa. Nilitandaza shuka kwenye ile kamba ya nguo inayozunguka kama mwavuli, liwe pazia, nikamkalisha Bibi kwenye kiti cha plastiki na kanga zake mbili. Nikakosha sahani ndani ya beseni. Nilipomimina bakuli la kwanza mabegani akatoa mlio ambao mbwa wa jirani aliujibu. Kisha upepo ukaizungusha kamba, pazia likaondoka, na Mama alikuwa amesimama pale na mkoba wake begani, ametoka kazini.

"Mnafanya nini?"

"Kombe la tatu," nikasema. "Hawezi kunywa, kwa hiyo anaoga. Nimeuliza hospitali, nimemuuliza na mwandishi. Akimaliza anavaa tunakwenda. Usimzuie, Mama. Tafadhali."

Yote kwa Kiswahili. Nilijua nimesema kwa Kiswahili kwa jinsi Mama alivyonitazama.

"Atapata nimonia kabla hatujafika," akasema, akaingia ndani. Nikadhani anakwenda kuwapigia hospitali. Bibi akatetemeka, akasema, "Mimina, mke mwenzangu, mimina kabla hajarudi." Nikamimina. Mama akarudi na birika linalofuka moshi na taulo kubwa, akamimina maji ya moto ndani ya beseni, akapima kwa kiwiko kama anavyowafanyia wazee wake.

"Kombe haliharibiki kwa kuongezwa maji," akasema. "Msogeze huku kwenye udongo, hapo unamwagia sementi." Tukamsogeza. Mama akashika shuka, mimi nikashika bakuli.

Hospitalini walimlaza kitandani, wakamvalisha kofia ya karatasi. Muuguzi akaniita nitafsiri. Akataka kusikia kutoka kwa Bibi mwenyewe: anajua ni jicho gani, na je, anakubali?

Nikamuuliza. Bibi meno yalikuwa yanamgongana kwa baridi, shingoni bado ana harufu ya waridi.

"La kulia. Na nimekubali," akasema. "Lakini mwambie afanye haraka, ile baridi haijanitoka."

Nikamgeukia muuguzi nikamwambia yote, hata ile ya baridi. Akaenda kuleta blanketi la pili, kisha wakafungua breki za kitanda, Bibi akaingia chumba cha upasuaji.